Tatu si nambari ya katikati

Siku kumi hazijaanguka theluji mpya, jua linawaka, na alama za walioteleza kwa ski jana zinaonekana hadi bondeni. Bado taarifa ya asubuhi inasema hatari ya maporomoko ya theluji ni kiwango cha 3 kati ya 5. Wapanda milima wengi huudhika. Watabiri wanaoandika taarifa hiyo wanajikinga tu wasije wakalaumiwa, wanasema, na onyo linalorudiwa kila siku mwisho wake halisikiki.

Lawama hiyo ina uzito. Taarifa huandikwa kwa eneo zima la milima, si kwa mteremko mmoja, na mzoefu aliye pale huona mengi ambayo mtabiri hakuyaona. Tena ni kweli kwamba sikio huzoea.

Lakini watabiri hawa hawaeleweki, na tatizo linaanzia kwenye nambari. Mtu akiiona 3 katikati ya 1 na 5 huichukua kuwa hatari ya wastani. Sivyo. Hatari haipandi kwa hatua zinazolingana, na kwenye 3 uzito wa mtu mmoja unaweza kutosha kuporomosha theluji ya mteremko mzima. Uswisi, karibu nusu ya wanaokufa kwenye maporomoko hufa siku za kiwango hicho. Nusu nzima! Siku za 4 na 5 ubaya unaonekana kwa macho, watu wanabaki ndani. Siku ya 3 mbingu ni safi, wenzako wameshavaa viatu, na hakuna anayetaka kuwa wa kwanza kusema turudi. Hesabu hiyo hainitoki kichwani.

Na zile siku kumi za jua? Chimba hadi karibu na ardhi, uchote theluji ya chini kwa glavu. Haishikani, inamwagika vidoleni kama sukari. Punje hizo hukua mwanzoni mwa msimu, theluji ikiwa nyembamba na baridi ikiwa kali. Juu yake hulala bamba gumu la theluji linalokanyagika vizuri, na ugumu huo ndio unaodanganya. Tabaka kama hilo huweza kukaa wiki nyingi bila kushikana. Kwa hiyo alama za jana si ushahidi: tisa walipita bamba lilipo nene, wa kumi anapita kando ya mwamba lilipo jembamba, uzito wake unaifikia sukari, na mteremko mzima unakatika naye akiwa katikati. Akifukiwa, baada ya dakika 10 hadi 15 hivi nafasi yake ya kutolewa hai hushuka kwa kasi.

Ninachowadai watabiri ni kimoja: sababu itangulie nambari. "Tabaka dhaifu bado liko chini" linaeleweka siku ya kumi kuliko 3 iliyochakaa. Anayelisoma hahitaji kubaki nyumbani. Achague mteremko wenye mwinamo chini ya nyuzi 30, usio na mwingine mkali zaidi juu yake.