Rasimu Ziingie Kwenye Jalada la Kazi

Kila mwanafunzi wa usanifu wa michoro hapa Dar es Salaam anayekaribia kuhitimu anajua kwamba cheti peke yake hakitamfikisha mbali bila jalada la kazi, yaani ule mkusanyiko wa kazi anaoupeleka kwa kampuni ya matangazo, kwa mchapishaji au kwa mteja binafsi ili uwezo wake uonekane. Nikiwa naandaa langu nimepitia majalada mengi ya wenzangu, na yanafanana mno. Kadi ya biashara imelazwa juu ya meza ya marumaru, kikombe cha kahawa kimechapwa nembo, mkono usio na mwenyewe umeshika simu. Picha hizo, ambazo sisi huziita mokapu, hupatikana bure mtandaoni, na kazi yoyote ikipachikwa humo hung'aa, hata iliyofanywa kwa pupa usiku wa kuamkia siku ya kukabidhi. Kwa maoni yangu, jalada la namna hiyo linamnyima mtazamaji kile anachokihitaji kuliko vyote, nacho ni kuona jinsi mbunifu alivyofikia uamuzi wake na mambo aliyoyakataa njiani.

Katika jalada langu kazi iliyopewa kurasa nyingi zaidi ni kanga. Kanga ina sehemu tatu ambazo watu wa pwani wanazijua tangu utotoni: pindo linalozunguka kingo zote, mji ulio katikati, na jina, yaani maneno ambayo kwa kawaida hukaa sehemu ya chini ya mji. Anayeichora kwenye kompyuta huona mstatili mmoja uliotulia, wenye urefu wa takriban mita moja na nusu na upana wa zaidi kidogo ya mita moja, na ni rahisi kusahau kwamba hakuna atakayeiona hivyo isipokuwa muuzaji anapoikunjua dukani. Kwa hiyo nilikata shuka kuukuu kwa kipimo cha kanga, nikachora juu yake kwa mkaa, kisha nikamwomba shangazi ajifunge. Katikati ya mji nilikuwa nimeweka mbuzi ya kukunia nazi, kubwa, yenye meno yake yote. Shangazi alipojifunga, nusu ya mbuzi ilizama kwenye mkunjo na nusu iliyobaki ikaangukia nyongani, ikafanana na chombo kilichovunjika. Nikaelewa kwa nini kanga nyingi hurudia pambo dogo kwenye pembe nne za mji, kwa sababu namna yoyote utakayoivaa, pembe moja itabaki inaonekana.

Maneno nayo yalibadilika palepale. Niliandika "Kunyamaza kwangu msidhani sioni yanayotendeka". Shangazi alisoma, akacheka, akaniuliza, "Mwanangu, haya yote mtu atayasoma saa ngapi, nami napita zangu?" Akayapunguza mwenyewe yakawa "Kimya changu si upofu", na herufi, ambazo mimi nilikuwa nimezibana ili zienee kwenye kisanduku cha jina, zikaweza kukua takriban maradufu. Kuhusu rangi, niliepuka kuweka nyekundu na nyeusi juu ya nyeupe kwa kuwa mtu yeyote angeiita kisutu, na kisutu ina heshima yake harusini. Nikachagua bluu iliyokoza na rangi ya machungwa, mbili tu, kwa sababu katika uchapaji wa vitambaa kwa skrini, yaani fremu ya wavu mwembamba unaopitisha wino, kila rangi huhitaji skrini yake, na kila skrini ina gharama. Picha ya shuka lenye mkaa, karatasi yenye maneno yaliyokatwa na kanga iliyokamilika ziko kwenye kurasa zinazofuatana. Nikiondoa mbili za kwanza, kinachobaki ni mchoro mzuri ambao hakuna anayejua kwa nini uko hivyo.

Kazi ya pili ni mpangilio wa kurasa za jarida la Kiswahili, na hapa nina neno na walimu wetu. Tumezoeshwa kujaza kurasa kwa Kilatini cha bandia, yale maandishi yaliyokatwakatwa kutoka katika kitabu cha Cicero, mwandishi wa Roma ya kale, cha mwaka 45 kabla ya Kristo, ambayo wabunifu dunia nzima huyatumia kushika nafasi ya maneno yatakayokuja baadaye. Safu ya maandishi hayo hupendeza. Lete makala halisi ya Kiswahili, yenye "wanaotusubiri" na "yaliyowafurahisha", uyaweke katika safu ileile nyembamba iliyonyooshwa pande zote mbili, na ukurasa utajaa mianya myeupe inayoteremka kama mito. Programu nazo, zisipokuwa na kanuni za lugha yetu, hukata maneno kwa kufuata Kiingereza. Katika rasimu yangu ya kwanza neno "nyumbani" lilikatwa baada ya "nyum", na "kingine" ikaacha "king" inaning'inia mwishoni mwa mstari kama mfalme aliyepotea njia. Silabi zetu kwa kawaida huishia na irabu, kwa hiyo kanuni ya kukata si ngumu, lakini ni lazima mtu akae aifanye. Nilipanua safu, nikaacha upande wa kulia bila kunyooshwa, na pale ilipobidi nikaweka alama za kukatia kwa mkono. Ukurasa wa mwisho hauna mbwembwe yoyote. Bila rasimu iliyoharibika pembeni yake, mwajiri ataupita akidhani kwamba hakuna kilichofanyika.

Kazi ya tatu, ramani ya Mwendokasi, yaani mabasi ya haraka ya Dar es Salaam, nitaieleza kwa kifupi. Huduma ya mabasi hayo ilianza mwaka 2016, na njia ya Kimara hadi Kivukoni inafaa sana kuchorwa kwa mistari iliyonyooka, kwa mtindo ambao Harry Beck, mchoraji aliyezoea michoro ya umeme, aliutumia katika ramani ya treni za chini ya ardhi za London iliyochapwa mwaka 1933. Beck alitupilia mbali umbali halisi na mitaa yote, lakini aliubakiza Mto Thames. Nami niliondoa kila kitu nikabakiza Mto Msimbazi, kwa sababu mvua kubwa ikinyesha na maji yakajaa Jangwani, pale njia hiyo inapouvuka mto, abiria wa Kimara anayekwenda Posta anahitaji kujua kituo chake kiko upande gani wa mto. Inafaa kukumbuka pia kwamba mchoro wa awali wa Beck, wa mwaka 1931, umehifadhiwa hadi leo, na wanafunzi hujifunza mengi kutokana na ile mistari yake ya penseli.

Wapo wanaopinga kwa hoja ya haki kabisa, kwamba mwajiri ana majalada mengi mezani na hana muda wa kutazama karatasi zilizochafuliwa. Nakubaliana nao kwa kiasi. Rasimu hamsini zinazofanana zinachosha, na zaidi ya hapo wapo wenzetu wanaochora "rasimu" baada ya kazi kuisha, kisha wanaikunja karatasi kidogo ili ionekane imetumika, ulaghai ambao mtu mzoefu huugundua kwa kuwa penseli yao haijawahi kukosea. Rasimu inayostahili nafasi ni ile ambayo baada yake kazi ilichukua mkondo mwingine. Zilizobaki zikae kwenye daftari. Isitoshe, siku hizi kompyuta inaweza kuzalisha bango lililokamilika kwa sekunde chache, na bango lililokamilika peke yake limekuwa ushahidi dhaifu wa uwezo wa mtu.

Mokapu sijazifuta zote. Nimeacha moja tu, ya pakiti ya pilipili manga, na kando yake nimeweka pakiti yenyewe iliyotoka kwa mchapaji, ambapo kijani kilichokuwa kinawaka kwenye skrini kilipoa kikawa rangi ya majani ya juzi, kwa kuwa wino nne za uchapaji haziwezi kutoa kila rangi inayotolewa na mwanga wa kompyuta. Chini yake nimeandika uwiano wa wino niliouchagua baada ya kuiona, aina ya karatasi, na bei aliyonitajia mchapaji kwa pakiti elfu moja.