Padi haipigi teke

Jumapili nimeamshwa na voisi ya dakika nne kwenye grupu la familia. Baba mdogo, kwa sauti ya mimbarini, anataka mabanda ya gemu mtaani yafungwe. Na safari hii kaja na ushahidi: eti wataalamu wa Marekani wamethibitisha kuwa gemu za bunduki zinamfanya mtoto awe na shabaha.

Shikamoo baba mdogo. Utafiti huo naujua. Ulitoka 2012, Chuo Kikuu cha Jimbo la Ohio. Wanafunzi 151 walicheza gemu, kisha wakapewa bastola ya mazoezi walenge sanamu. Waliotoka kwenye gemu la kuua wakiwa wameshika padi, kile kidude cha kuchezea gemu, yenye umbo la bastola wakaongoza kwa kupiga kichwani. Mwaka 2017 jarida lililouchapisha likaufuta: takwimu zina kasoro, data za mwanzo hazionekani. Hiyo sasa hakuna aliyeiforwadi!

Mimi nilikuwa mbabe wa banda zima. Nikaenda JKT kifua mbele. Siku ya shabaha nimelala kifudifudi, mchanga umejaa kwenye viwiko, nikavuta. Kitako kikanipiga bega, masikio yakalia zii, na risasi zilizofuata nilizipiga macho nimefumba. Afande alikwenda kuangalia karatasi yangu akarudi anacheka: nzima, unaweza kuiandikia barua. Binti aliyelala kushoto kwangu, ambaye maishani hajashika padi, alipata nne kati ya tano.

Haya, hasira. Nakubali shingo upande kwamba gemu linapandisha mori. Mdogo wangu ameshavunja padi mbili. Lakini zote kwenye mpira! Ngumi pekee nilizowahi kuamua bandani zilitokana na penalti, na sijasikia mtu akitaka mpira upigwe marufuku. Watafiti wa Oxford walichunguza vijana wa Uingereza wa miaka 14 na 15, wakawauliza na wazazi wao kuhusu tabia za watoto hao. Majibu yalitoka 2019: uhusiano kati ya gemu za vita na ukorofi hawakuuona. Wajapani nao wanacheza usiku na mchana, ila bunduki ya kununua ndiyo shughuli.

Kama hoja ni mtoto kukesha bandani na kula nauli ya shule, baba mdogo, hapo tuko pamoja.

Nimemtumia yote haya. Tiki za bluu zipo tangu saa nne, jibu hamna.