Mashine ya Maji Iliyokuwa na Huruma Usiku

Mama mwenye mashine ya kuuza maji mtaani Pipeline alinipigia simu akinong'ona: "Fundi, njoo. Inatoa maji bila tokeni ya malipo."

Saa tano usiku nikakuta foleni ya mitungi. Kijana mmoja anahesabu kwa simu: "Ishirini na nane... ishirini na tisa..." Tak! Vali inafunguka sekunde 2, inamwaga mililita 200, inajifunga. Mwenye subira alijaza lita 20 kabla saa moja haijaisha.

Ndani mna chipu ya STM32F4, kompyuta ndogo inayoendesha vali. Wochidogi yake, kipima muda cha ulinzi, ni kama soja mkali wa geti: usipompigia hodi kwa wakati, anafukuza kila mtu na kazi inaanza upya. Inahesabu hadi 4096 kwa kigawanyo cha 256, yaani mapigo 1,048,576, ambayo ni sekunde 32.8 kwa oskileta (saa ya ndani inayopiga mapigo) ya kilohezi 32. Chipu ikilala, yenyewe hailali, na ukishaiwasha haizimwi na programu. Aliyeandika programu alijaribu usingizi wa sekunde 10 mezani, ikapita. Baadaye mama akataka betri ya sola idumu, usingizi ukawa sekunde 60, mrefu kuliko subira ya wochidogi, ikawa inaiwasha chipu upya kila mara. Jamaa sasa yuko Uingereza, hujibu meseji kwa vikaragosi. Na kila mashine ikiwaka, kwanza inapima vali. Kwa maji halisi!

"Fundi, ni 29, si 32," kijana akanisahihisha. Gawa mapigo yale 1,048,576 kwa sekunde 29: kilohezi 36. Hakukosea, oskileta hiyo huruhusiwa kucheza kati ya 17 na 47, kwa hiyo muda unaweza kushuka hadi sekunde 22.

Nikaweka RTC, saa ya chipu inayohesabu hata ikilala, iamshe chipu kila sekunde 15, iguse wochidogi, ilale tena. Hapo futa alama ya interapti (ishara ya kuamsha) kwenye RTC na pia kwenye EXTI, kipokezi cha ishara hizo, laini ya 22. Ikibaki, chipu inakataa kulala na betri inakwisha. Ikiamka inatumia HSI, oskileta yake ya ndani ya megahezi 16, basi rudisha kwanza PLL, kikuza kasi, la sivyo kisoma tokeni kitaleta takataka. Mwisho, ikiwaka isome IWDGRSTF, alama inayosema nani aliiwasha upya: kama ni wochidogi iliyoiangusha, vali isiguswe.

Dakika mbili zikapita kimya. Nyuma ya foleni mzee mmoja akauliza, "Nani amemwita huyu?"