Kibao cha Chama cha Walimu Kiseme Walidai Nini

Mwezi Agosti mwaka 1857, walimu 43 walikutana mjini Philadelphia, Marekani, wakaunda chama ambacho leo kinaitwa National Education Association, chama cha wafanyakazi chenye wanachama wengi kuliko vyote nchini humo. Wamarekani wana desturi ya kusimamisha vibao vya kumbukumbu pale yalipotokea mambo ya namna hiyo, nami naipenda desturi hiyo, ingawa nina shaka na maneno yanayochaguliwa kuandikwa. Mji na tarehe havimwelezi mpita njia kwamba katiba ya 1857 iliwapa wanaume peke yao uanachama kamili, kwamba wanawake walisubiri hadi 1866, wala kwamba walimu weusi, waliofundisha katika shule zilizotengwa kwa rangi, waliunda chama chao mwaka 1904 na vyama hivyo viwili havikuungana hadi 1966. Historia yenyewe imo katika hayo yasiyoandikwa.

Kwetu Uganda tumezoea jiwe la msingi. Litazame lolote kwenye ukuta wa shule: juu kuna jina la mgeni rasmi pamoja na vyeo vyake vyote, kisha siku aliyozindua jengo, na mwalimu mkuu akibahatika kutajwa huwa chini kabisa, kwa herufi ndogo ambazo wapaka rangi wamekwisha kuzifunika nusu. Wazazi waliofyatua matofali hawamo.

Ndiyo maana nahofia kibao kitakachowekwa siku moja kuadhimisha kuanzishwa kwa UNATU (Uganda National Teachers' Union), chama cha walimu wa Uganda kilichorithi kazi ya kile kilichokuwa Uganda Teachers' Association, kitasema tu kwamba kilianzishwa mwaka 2003 na kuzinduliwa na mheshimiwa fulani. Chama cha walimu hakizaliwi kwa sababu watu wanapenda mikutano. Huzaliwa kwa sababu mwalimu mmoja akidai mshahara wake anaonekana mkorofi, ilhali wote wakidai pamoja lazima wasikilizwe. Kibao kitaje mgomo wa 2013, walimu walipodai nyongeza ya asilimia 20. Kitaje pia ule wa Juni 2022, uliozuka baada ya serikali kuamua kuwapandishia mshahara walimu wa sayansi, wenye shahada wakifikia shilingi milioni 4 kwa mwezi, huku wenzao wa sanaa wakiachwa nyuma na kutishiwa kufutwa kazi wasiporudi darasani. (Sisi wapenzi wa Kiswahili tuna la kukumbuka hapo: Baraza la Mawaziri liliidhinisha Kiswahili kuwa lugha rasmi na somo la lazima mwezi Julai mwaka huohuo, na mwalimu wa Kiswahili ni mwalimu wa sanaa.)

Wapo watakaosema kwamba kutaja migomo ni kuchochea. Sikubaliani nao, kwa kuwa mgomo uliomalizwa kwa mazungumzo ni sehemu ya historia ya elimu yetu sawa na mitaala na majengo, na chama kinachoficha madai yake ili kipate sherehe nzuri ya uzinduzi kinawapunja wanachama wake.

Mahali pa kukisimamisha, kwa maoni yangu, ni Kyambogo, jijini Kampala, ambako vizazi vya walimu vimepitia na ambako chuo cha ualimu kiliunganishwa na taasisi nyingine kuwa chuo kikuu mwaka huohuo wa 2003. Wanafunzi wa ualimu wakisome kabla hawajapangiwa shule.