Samadi haiendi kwenye shamba la kukodi

Mahindi ya tambarare chini ya Mlima Kilimanjaro yakishavunwa, barabara za kupanda milimani hujaa pikapu zilizosheheni mabua. Yanakwenda vihambani, yaani mashamba ya ukoo yanayozunguka nyumba huko milimani, kulisha ng'ombe wa ndani. Ng'ombe atayala, atatoa samadi, na samadi itaishia kwenye migomba na kahawa huko huko juu. Chini hairudi. Kila mwaka rutuba inahama kutoka ardhi ya kukodi kwenda ardhi ya kurithi, na sehemu kubwa ya potasiamu ambayo mahindi yameivuta udongoni imo ndani ya mabua hayo.

Mara nyingi lawama humwangukia aliyekodi: hana elimu ya mbolea, anakamua shamba la mwenzake. Sikubaliani kabisa. Tupige hesabu yake. Mahindi yakipandwa kwa nafasi ya sentimita 75 kwa 30, ekari moja ina mashimo yapata 18,000. Viganja viwili vya samadi kila shimo, yaani robo kilo na ushei, ni tani 5 kwa ekari. Hiyo ni kama safari mbili za kenta, lori dogo la mizigo, na bado hujalipa vibarua wa kupakia, kushusha na kusambaza. Tena samadi si urea, mbolea ya kiwandani inayotoa nitrojeni yake haraka. Msimu wa kwanza mmea hupata takriban theluthi tu ya nitrojeni iliyomo, pengine pungufu; iliyobaki hutoka kidogo kidogo miaka miwili mitatu inayofuata. Mwenye mkataba wa msimu mmoja analipia tani 5 ili afaidi theluthi, kisha mwenye shamba akiona ardhi imenawiri apandishe kodi au alime mwenyewe. Anayekataa kuweka samadi hapo amepiga hesabu sawasawa. Ubaya uko kwenye mkataba.

Wenye vihamba nao hawako salama. Ng'ombe wa maziwa wa kilo 400 anahitaji kilo 40 hadi 50 za majani mabichi kwa siku. Kumlisha mwaka mzima kunataka nusu ekari hadi ekari nzima ya mabingobingo, majani marefu ya malisho, kutegemea mvua na mbolea. Kihamba kilichogawanywa kwa watoto wa kiume vizazi vitatu hakina eneo hilo. Ndiyo maana kinategemea mabua ya chini, na tambarare ikichoka, na banda la juu litakuwa tupu. Ng'ombe akiondoka, migomba huonyesha mapema: mashina membamba, mikungu midogo, na fukusi, mdudu anayetoboa migomba, hupata kazi rahisi.

Samadi yenyewe nayo inapotea mikononi mwetu. Karibu nusu ya nitrojeni anayotoa ng'ombe imo kwenye mkojo, na sakafu ya udongo huunywa wote. Weka sakafu ngumu yenye mteremko kidogo, mfereji wa kupeleka mkojo kwenye shimo, na matandiko ya majani makavu ya kunyonya unaobaki. Lundo likae kivulini, kimo kisizidi mita moja na nusu, lifunikwe kwa majani ya migomba ili jua na mvua visilimalize. Ligeuze kila baada ya wiki tatu. Kwa miezi mitatu hivi huwa limeiva, halinuki wala halina joto. Samadi mbichi huunguza miche na kuleta mbegu za magugu. Iliyojaa mabua ambayo hayajaoza hufanya mahindi yawe ya njano, kwa sababu vijidudu vya udongo hushika nitrojeni kwanza ili kuyaozesha.

Kuna jambo linanikera zaidi. Anayekata majani, kusafisha banda na kubeba samadi kichwani mara nyingi ni mwanamke, ilhali kihamba hufuata ukoo wa mume. Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya 1999 inampa mwanamke haki sawa na mwanamume ya kupata na kumiliki ardhi. Kwa hiyo hati ya hakimiliki ya kimila iandikwe majina ya wote wawili, mume na mke. Mjane asiyejua kama mwakani atakuwepo hawezi kupanda kaliandra au lukosina za malisho kwenye kingo, maana miti hiyo inataka kama mwaka mmoja kabla ya kuanza kukatwa.

Kwa mashamba ya kukodi, napendekeza mkataba wa maandishi usiopungua misimu mitatu, wenye mashahidi na nakala katika ofisi ya kijiji. Uandike kwamba angalau nusu ya mabua yatabaki shambani, na mifugo ya kulisha masalia iingie kwa idhini ya pande zote mbili, udongo ukiwa mkavu. Ukiwa na maji, kwato huushindilia hadi jembe likatae. Uandike pia fidia ya samadi: mwenye shamba akivunja mkataba baada ya msimu wa kwanza arudishe theluthi mbili ya gharama, baada ya wa pili theluthi moja. Safari za kenta zihesabiwe siku ileile samadi inaposhushwa, na wote wawili watie saini kabla haijasambazwa.