Nusu ya dawa ya mwiri tumeisahau

Mti tunaouita mwiri huku Mlima Kenya, Wachaga wa Kilimanjaro huuita mkonde-konde. Kitaalamu ni Prunus africana. Ukifikicha jani lake unasikia harufu ya lozi chungu.

Nilipokuwa darasa la tano cucu, yaani nyanya yangu, alinipeleka msituni kutafuta gome la kuchemshia babu aliyekuwa akisumbuliwa na kifua. Alipoufikia mwiri hakutoa panga. Aliuzunguka kwanza, akipapasa shina kutafuta kovu. Wa kwanza ulikuwa nalo, tukaupita. Wa pili akaubambua kipande cha ukubwa wa kiganja, upande mmoja tu, kisha akakipaka kidonda cha mti udongo.

Leo kila mtu anajua mwiri unatibu nini, lakini jinsi ya kuukata hakuna anayeuliza. Chakula kinachotengenezwa na majani hushuka mizizini kupitia gome la ndani. Ukilibambua shina lote kwa mzunguko, mizizi inakufa njaa, na mti unakaukia palepale uliposimama. Nimeiona miti hiyo: uchi kuanzia chini hadi juu ya kimo cha mtu, matawi ya kileleni yamepukutika.

Najua njaa hii ya gome haikuanzia kwetu. Mwaka 1966 dawa ya gome hili ilipewa hataza Ufaransa, yaani haki ya pekee ya kuitengeneza na kuiuza, na magunia kwa magunia yakavushwa kwenda Ulaya kutengenezewa vidonge vya tezi dume iliyovimba. Kamerun na Madagaska ziliumia sana. Kufikia 1995 mwiri ulikuwa umewekwa chini ya CITES, mkataba wa kimataifa unaosimamia biashara ya mimea na wanyama walio hatarini, kuuza gome nje kukahitaji kibali. Lakini kibali cha mpakani hakimfikii anayeingia msituni usiku na panga ili auze sokoni Jumamosi.

Na wazee wangu, nawasihi: mkojo ukianza kukatika-katika, nendeni mkapimwe kwanza. Huenda ni saratani, na unga wa mwiri hauwezi kuwaambia hivyo.

Mimi sijaacha mitishamba. Chai ya mwiri bado naijua kwa uchungu wake na rangi yake ya kahawia. Ila siku hizi, kabla ya kutoa pesa, namuuliza muuzaji gome lilitolewa upande gani wa mti. Wiki jana mmoja alinitazama kwa mshangao, nikamrudishia pakiti yake.