Sheria ya 2020 iliwaonea Kijani wa New York

Wako wanaosema Chama cha Kijani cha jimbo la New York kilijimaliza chenyewe kwa kukosa watu. Sikubaliani nao. Kilimalizwa na sheria iliyotungwa Aprili 2020, na ukiisoma vizuri utaona kosa la chama hicho lilikuwa moja tu: kusimamisha wagombea wake wenyewe.

Marekani haina msajili wa vyama kama wa Tanzania. Kila jimbo huamua lenyewe chama ni kipi, na New York ilikuwa na kipimo chepesi kueleweka: mgombea wako wa ugavana akipata kura 50,000, chama kinatambuliwa kwa miaka minne na jina lake linakaa kwenye karatasi ya kura. Kijani walivuka 1998 wakiwa na Al Lewis, mwigizaji mkongwe wa televisheni, aliyepata kura zipatazo 52,000. Mwaka 2002 wakashindwa kufikisha, wakatoka. Howie Hawkins, mpakuaji mizigo kutoka Syracuse, akawarudisha 2010 kwa kura karibu 60,000, na 2014 akafikisha zaidi ya 184,000, karibu asilimia 5.

Kutambuliwa kuna uzito zaidi ya jina kwenye karatasi. Mpiga kura anapojiandikisha hutaja chama chake, na wanachama hao ndio wanaochagua kamati za kaunti na kamati ya jimbo. Anayetaka kugombea kupitia chama huhitaji saini za asilimia 5 ya wanachama wa eneo lake. Penye wanachama 40, saini 2 zinatosha. Hapo pana faida na hatari kwa pamoja, kwa sababu watu wachache wa nje wakijiandikisha kwa makusudi wanaweza kuwateka wanachama wa eneo zima katika kura ya mchujo. Kinga iliyopo ni sheria ya 1947 iitwayo Wilson-Pakula: asiye mwanachama hawezi kupewa tiketi bila idhini ya kamati ya chama. Ndiyo maana kamati iliyolala ni mlango ulioachwa wazi.

Sasa ije 2020. Tume iliyoundwa kushughulikia ufadhili wa kampeni ilipendekeza kiwango kipya, mahakama ikayatengua maamuzi yake, kisha bunge la jimbo likakiingiza kiwango kilekile ndani ya bajeti, wakati New York ikizika watu wake wa korona. Kiwango kikawa kura 130,000 au asilimia 2 ya kura zote, kutegemea ipi ni kubwa, na mtihani ukawa kila baada ya miaka miwili, ukihusisha na uchaguzi wa rais. Katika matokeo yote ya ugavana ya Kijani, ni yale ya 2014 peke yake yangefaulu kipimo hicho.

New York inaruhusu mgombea mmoja kubebwa na vyama viwili au zaidi, kura zake zote zikajumlishwa. Novemba 2020 Joe Biden alikuwa pia mgombea wa chama cha Working Families, na Donald Trump wa chama cha Conservative. Vyama hivyo viwili vidogo vikavuka kwa kura za majina ya wakubwa. Kijani walimsimamisha Hawkins kugombea urais, wakapata kura zipatazo 32,000. Chama cha Libertarian nacho, chenye mgombea wake, kikatoka pamoja nao. Kipimo kinachompitisha anayebebwa na kumwangusha anayetembea kwa miguu yake hakipimi uungwaji mkono.

Njia iliyobaki ya kuingia kwenye karatasi ya kura ni saini, nayo ilizibwa vilevile. Kwa nafasi za jimbo zima zilihitajika 15,000. Sasa ni 45,000, zikusanywe ndani ya siku 42. Hiyo ni zaidi ya saini 1,070 kila siku, kwa watu wa kujitolea, mvua inyeshe jua liwake. Tena angalau 500 zitoke katika kila moja ya nusu ya majimbo ya uchaguzi ya bunge la taifa, kwa hiyo kusimama Manhattan peke yake hakusaidii.

Na 45,000 haitoshi. Saini huanguka kwa sababu aliyetia hakuandikishwa kupiga kura, au tayari amesaini fomu ya mgombea mwingine wa nafasi hiyo hiyo. Karatasi nzima inaweza kupingwa shahidi, yaani mkusanyaji anayethibitisha saini hizo, akirekebisha idadi ya saini bila kuweka herufi za jina lake pembeni. Mpinzani hupewa siku 3 kuwasilisha pingamizi, kisha siku 6 za kueleza saini zipi na kwa nini. Mkusanyaji makini hulenga angalau nusu ya ziada, yaani 67,000 na kitu. Mwaka 2022 Kijani hawakufika, na Hawkins akabaki jina ambalo mpiga kura hulazimika kuliandika mwenyewe kwa mkono kwenye karatasi ya kura.

Bunge la jimbo, lililoko Albany, lirudishe kiwango cha 50,000 na mtihani wa miaka minne, kwa ugavana tu. Likishindwa hilo, basi lihesabu kwa chama kidogo kura za mgombea wake mwenyewe, si za mgombea aliyeazimwa.